Maria na Marta Hukaa Nyumba Moja
Habari za taamuli katika Kanisa, tangu jangwa la Misri hata nchi yetu

Wakati wa jubilei ni wakati wa kuhesabu. Mtu akituuliza jimbo letu limepata nini tangu lilipoanza, twaanza kumtajia makanisa, shule, zahanati, visima, mapadre, masista, makatekista, na majina yaliyoandikwa katika vitabu vya Ubatizo. Hesabu hiyo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Walakini liko jambo moja lisilohesabika, wala halina picha ya kutiwa katika kitabu hiki, nalo ndilo mzizi wa yote. Tena mzizi haufi kwa kishindo. Mti waweza kukaa na majani mabichi siku nyingi, hali mzizi wake umekwisha kuliwa na mchwa.

Jambo hilo walimu wa Kanisa waliliita kwa Kilatini contemplatio, nasi kwa Kiswahili twaliita taamuli. Wakristo wengi wakilisikia neno hili husema, "Hilo si letu, ni la watawa wakaao ndani ya kuta." Na wengine, hasa wenye kazi nyingi, husema moyoni kwamba ni uvivu uliovikwa kanzu. Katika kurasa hizi twataka kuonyesha, kwa habari za watu waliokuwako kweli, ya kuwa hao na hao wamekosea. Tangu mwanzo taamuli na kazi ni ndugu wa nyumba moja. Na nyumba ikimfukuza mmoja wao, wa pili naye hadumu.

I. Maana ya Neno

Kwanza na tulipambanue neno lenyewe. Kutafakari ni kuligeuza-geuza jambo moyoni, kama mtu ageuzavyo sarafu mkononi apate kujua kama ni ya kweli. Hapo akili ina kazi: huuliza, hulinganisha, hukumbuka. Taamuli ni hatua iliyo mbele ya hiyo. Akili imekwisha kutafuta, sasa yatulia. Moyo wamtazama Mungu kwa mapendo pasipo maneno mengi, nao wajua ya kuwa unatazamwa. Wayunani waliiita theoria, maana yake kutazama. Na neno la Kilatini limo ndani yake templum, ambalo kwa Warumi wa kale lilikuwa mahali palipotengwa kwa kutazamia mambo ya mbinguni. Basi maneno haya mawili yatupa mambo mawili: kutazama, na mahali palipotengwa kwa kutazama.

Mfano wake hauko mbali. Mwangalieni mama mwenye mtoto mchanga. Anapomwogesha na kumnyonyesha, ana kazi. Mtoto akiisha lala, mama humtazama kimya. Hamfundishi neno, wala hamwombi kitu. Je, saa ile mama yule ni mvivu? Hakuna mtu wa kusema hivyo. Na kesho yake alfajiri, kuteka maji na kuwasha moto na kufua nguo, yote hutoka katika kutazama kule.

Twajua pia habari iliyo katika Injili ya Luka, sura ya 10: Bwana wetu alipokaribishwa nyumbani mwa Marta, naye Maria akaketi miguuni pake kumsikiliza, huku Marta akihangaika kwa utumishi mwingi, hata akalalamika. Wengi husoma habari hii kana kwamba Bwana alimkemea Marta kwa sababu alipika. Sivyo. Chakula kile hakukikataa. Alimwonya kwa sababu moyo wake ulikuwa umetawanyika na kufadhaika kwa ajili ya mambo mengi. Tofauti hii ni ndogo kwa macho, lakini walimu wa Kanisa wameishughulikia tangu karne za kwanza, na kila walipoisahau, mambo yaliharibika.

II. Waliosuka Kamba Jangwani

Mtakatifu Antoni alizaliwa Misri karibu na mwaka 251, wazazi wake wakiwa Wakristo wenye mashamba. Walipokufa, yeye akiwa kijana wa miaka kama kumi na minane au ishirini, aliachiwa mashamba hayo na dada yake mdogo. Siku moja aliingia kanisani akasikia ikisomwa Injili ya yule kijana tajiri aliyeambiwa auze mali zake awape maskini. Akalisikia neno lile kana kwamba limesomwa kwa ajili yake peke yake. Akawapa wanakijiji ardhi, akauza vitu vyake, akamweka dada yake kwa mabikira waaminifu, kisha akaenda kukaa faraghani: kwanza karibu na kijiji, halafu makaburini, halafu katika ngome kuukuu jangwani, alimokaa karibu miaka ishirini. Akafa mwaka 356, umri wake ukiwa umepita miaka mia. Habari zake ziliandikwa na Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria.

Mtu atasema, "Huyu ndiye mfano wa kukimbia kazi na watu." Basi na asome zaidi. Atanasi aeleza ya kuwa Antoni alifanya kazi kwa mikono yake, akala sehemu, na iliyosalia akawapa wahitaji. Alipokuwa mzee mlimani, alilima bustani yake mwenyewe, asiwalemee watu waliomletea mkate. Na mateso ya Wakristo yalipozidi, karibu na mwaka 311, alishuka mpaka Aleksandria, akawahudumia waliofungwa gerezani na waliotupwa migodini kwa ajili ya imani. Ukimya wake haukumfanya kuwa kiziwi. Ulimfanya asikie upesi kilio cha watu.

Wazee wa jangwani walisimulia hadithi moja juu yake. Siku moja alilemewa na uzito wa moyo na mawazo mengi, akamlilia Mungu amwonyeshe njia. Alipotoka nje alimwona mtu mfano wake ameketi akisuka kamba. Mara akaacha kusuka, akasimama akasali. Kisha akaketi tena akasuka. Kisha akasimama tena akasali. Alikuwa malaika aliyetumwa kumfundisha. Antoni akaelewa, akafanya vivyo hivyo, akapata raha.

Kazi ya watawa wale, kwa kawaida, ilikuwa kusuka kamba na vikapu kwa majani ya mtende. Jambo hili watu wetu wataliona dhahiri kuliko wasomi wa Ulaya, maana mama zetu husuka ukili wa mikeka kwa miyaa na ukindu. Kila aliyesuka ajua ya kuwa mkono huizoea njia yake, na moyo hubaki huru. Ukili hurefuka shubiri kwa shubiri, na mwenye kusuka aweza kuzungumza na jirani, au kuimba, au kunyamaza. Wazee wa jangwani walichagua kumsikiliza Mungu katika kunyamaza huko.

Wala tusidhani ya kuwa ilikuwa rahisi kwao. Evagri wa Ponto, aliyefariki mwaka 399 katika jangwa lile lile, aliandika habari za adui aliyemwita pepo wa adhuhuri. Adui huyo, asema, humjia mtawa mchana kati, akamfanya aone ya kuwa jua haliendi. Mtawa huchungulia dirishani, hutazama jua limefika wapi, hutazama kama yuko ndugu anayekuja kumzungumzisha. Huanza kukichukia chumba chake na kazi ya mikono yake, na kufikiri ya kuwa mahali pengine angemtumikia Mungu vizuri zaidi. Twafikiri mwalimu aliyefundisha darasa la watoto wengi saa ya joto atamtambua pepo huyo mara moja. Dawa aliyoiagiza Evagri ni kutoondoka, kukaa na kudumu katika saburi.

Hata hivyo walikuwako watu walioteleza upande mwingine. Palikuwa na mzee jina lake Silwano, aliyekaa na wanafunzi wake katika mlima wa Sinai. Ndugu mmoja mgeni alifika, akawakuta wakifanya kazi, akawalaumu ya kuwa wanahangaikia chakula kiharibikacho, hali Maria alichagua fungu jema. Silwano hakubishana naye. Alimwambia mwanafunzi wake ampe mgeni kitabu na kumweka katika chumba kitupu. Saa ya kula ilipofika, mgeni akakaza macho mlangoni, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Mwisho akatoka mwenyewe, akauliza kama ndugu hawajala. Mzee akamjibu ya kuwa wamekwisha kula, wala hawakumwita kwa sababu yeye ni mtu wa roho asiyehitaji chakula cha namna hii. Wao ni watu wa mwili, nao hula, ndiyo sababu hufanya kazi. Mgeni akaona haya, akaomba msamaha. Ndipo mzee alipomfundisha ya kuwa hata Maria hawezi kukaa pasipo Marta.

Kosa la mgeni yule halikuwa la mtu mmoja tu. Palitokea kundi la watu walioitwa Wamesaliani, jina la Kisuriani ambalo maana yake ni wenye kusali. Walifundisha ya kuwa sala peke yake yatosha, wakadharau kazi na kuzipuuza sakramenti. Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, uliwahukumu. Basi yajulikana wazi: Kanisa lenyewe, tangu karne ya tano, limekataa sala inayokimbia jembe.

III. Kanuni ya Benedikto na Machozi ya Gregori

Hekima ya jangwani ilivuka bahari. Yohane Kasiano alikaa miaka mingi kati ya wazee wa Misri, kisha karibu na mwaka 415 akafika Marseille, kusini ya nchi iitwayo sasa Ufaransa, akaandika aliyoyasikia. Kati ya mafundisho aliyoyahifadhi mna moja lifaalo watu wote, wenye elimu na wasio nayo: kuchukua mstari mmoja mfupi wa Zaburi, ule wa kumwomba Mungu aje upesi kutusaidia, na kuurudia moyoni katika kila hali, mtu akifanya kazi, akisafiri, akijaribiwa, akiingia kulala. Mstari huo hata leo ndio unaofungua vipindi vya sala ya Kanisa.

Mtakatifu Benedikto, aliyezaliwa Nursia katika Italia karibu na mwaka 480, alisoma maandiko ya Kasiano, akawaamuru watawa wake wasomewe jioni. Yeye mwenyewe alikaa miaka mitatu pangoni Subiaco, kisha karibu na mwaka 529 akajenga nyumba ya watawa juu ya mlima Monte Cassino. Kanuni yake ina sura 73, na sura ya 48 ndiyo igawayo saa za siku. Yaanza kwa kuonya ya kuwa ukaaji bure ni adui wa roho; kisha yapanga saa za kazi ya mikono na saa za kusoma maandiko matakatifu.

Milangoni mwa nyumba nyingi za Wabenedikto yameandikwa maneno ora et labora, yaani sali na ufanye kazi, na watu hudhani ni maneno ya Benedikto mwenyewe. Hayamo katika Kanuni. Yalitungwa na watu wa baadaye. Tena Kanuni ina jambo la tatu ambalo maneno hayo hayalitaji, nalo ni kusoma. Wakati wa Kwaresima kila mtawa hupewa kitabu, akisome toka mwanzo hata mwisho. Na mzee mmoja au wawili huzunguka saa ya kusoma, waangalie kama yuko ndugu anayepiga soga badala ya kusoma. Ninyi waalimu mwaona ya kuwa kazi yenu ni ya zamani sana! Benedikto alijua ya kuwa moyo usiolishwa neno hauna cha kutazama, na sala yake hukauka.

Jambo lingine katika Kanuni hiyo lafaa kukumbukwa. Msimamizi wa ghala aamriwa kuvitunza vyombo na mali zote za nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe, ndoo, sufuria: vyote vitazamwe kwa macho yale yale yanayotazama kalisi. Basi taamuli haikomi mlangoni pa kanisa. Humfuata mtu mpaka ghalani.

Aliyeandika habari za Benedikto ni Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa mtawa Roma katika nyumba aliyoianzisha mwenyewe, kisha akachaguliwa kuwa Papa mwaka 590. Siku zile Roma ilikuwa katika taabu kubwa: tauni, njaa na vita. Gregori aliililia raha ya utawa aliyoipoteza. Wala hakuficha ya kuwa moyo wake ulitatanishwa na shughuli. Walakini hakukimbia. Katika kitabu chake cha kuwaongoza wachungaji alimtaja Musa, aliyekuwa akiingia na kutoka katika hema: ndani aliinuliwa kumtazama Mungu, nje alibeba matatizo ya watu, na jambo lililomtatiza nje, alirudi nalo ndani kumwuliza Bwana. Hii ndiyo picha ya kila padre, kila mwalimu, na kila mzazi. Mwenye kutoka tu asiingie, mwisho hana neno la kuwaambia watu.

Na tazameni tunda lake. Mwaka 596 Papa huyo aliyeulilia ukimya aliwatuma watawa kutoka nyumba yake ya Roma, wakiongozwa na Augustino, kwenda kuihubiri Injili Uingereza, wakafika mwaka 597. Safari ile kubwa ya kuhubiri ilitoka katika nyumba ya watu waliozoea kunyamaza.

IV. Ngazi na Bustani

Katika karne ya 12 alikuwako mtawa Mkartusi jina lake Guigo, mkuu wa nyumba ya Grande Chartreuse katika milima ya Ufaransa. Aandika ya kuwa siku moja, alipokuwa akifanya kazi kwa mikono yake, alijiwa na fikira juu ya kazi ya roho, akaona ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na taamuli. Akavieleza kwa mfano wa chakula. Kusoma ni kutia tonge kinywani. Kutafakari ni kulitafuna. Kusali ni kuitamani ladha yake mpaka ipatikane. Taamuli ni utamu wenyewe. Angalieni ya kuwa ngazi hiyo, ambayo Wakristo waliipokea wakaipanda karne nyingi, haikuonekana katika usingizi wala katika ndoto. Ilionekana kazini.

Mwalimu mwingine ni Mtakatifu Teresa wa Avila, Mhispania, aliyezaliwa 1515 akafa 1582. Yeye alilinganisha sala na kumwagilia bustani, akataja njia nne. Ya kwanza ni kuteka maji kisimani kwa ndoo, kazi ya kuchosha mikono. Ya pili ni kuyapandisha kwa gurudumu, maji mengi kwa taabu ndogo. Ya tatu ni maji ya mto au kijito yanayopita bustanini. Ya nne ni mvua, ambayo mtunza bustani haifanyizi kwa lolote, huipokea tu. Watu wa nchi ya kiangazi hawahitaji mfano huu ufafanuliwe. Sisi twajua uzito wa ndoo, twajua na furaha ya mvua ya kwanza. Twajua pia ya kuwa hakuna awezaye kuilazimisha mvua, lakini mwenye shamba lililolimwa ndiye afaidiwaye nayo. Taamuli, kwa maana yake halisi, ni mvua: ni kipaji cha Mungu. Kuteka kwa ndoo ni juu yetu.

Je, Teresa alikuwa mtu wa kukaa bure? Alianza nyumba ya Mtakatifu Yosefu mjini Avila mwaka 1562, kisha akazunguka Hispania kwa magari ya kukokotwa na nyumbu, katika joto na tope, akianzisha nyumba nyingine, akiandika barua, akinunua majengo, akibishana na wenye madeni. Masista waliosikitika kwa kuondolewa katika sala na kupelekwa jikoni aliwafariji ya kuwa Bwana yuko hata kati ya vyungu. Na katika kitabu chake cha Ngome ya Rohoni, alichokiandika mwaka 1577, alipofika chumba cha ndani kabisa, alifundisha ya kuwa Marta na Maria hawana budi kumpokea Bwana pamoja. Maana Maria akikaa tu miguuni pake, nani atampa Bwana chakula? Kwake yeye, kipimo cha sala ya juu kabisa ni matendo. Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970.

V. Hata Nchi Yetu

Habari hizi hazikubaki Ulaya. Mwaka 1884 Padre Andreas Amrhein, aliyekuwa mtawa wa abasia ya Beuron katika Ujerumani, alianzisha nyumba ya kuwatayarisha wamisionari Wabenedikto, na mwaka 1887 nyumba ile ikahamia Sankt Ottilien katika Bavaria. Mwaka 1888 wa kwanza wakafika pwani yetu, wakajenga Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 13 Januari 1889, katika vita vya pwani juu ya Wajerumani, kituo kile kilishambuliwa. Watawa watatu wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Mmoja wa waliouawa ni Sista Martha Wansing. Jina lake lilikuwa la yule mwanamke wa Injili aliyetumika jikoni, na utumishi wake ukaisha katika kifo.

Mwaka 1898 ilianzishwa Peramiho, katika nchi ya Wangoni. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na mabradha wawili na masista wawili, na Peramiho ikachomwa moto. Wala hatusahau ya kuwa watu wa nchi waliinuka juu ya utawala uliowaonea, na ya kuwa wazee wetu waliokufa kwa risasi na kwa njaa katika vita hivyo walikuwa wengi mno. Wote twawakabidhi kwa huruma ya Mungu. Baada ya vita misioni zikajengwa tena. Mwaka 1906 ikaanzishwa Ndanda. Na mwaka 1957 ikaanzishwa Hanga, nyumba ya watawa Waafrika, hata Kanuni iliyoandikwa Monte Cassino ikashikwa na wana wa nchi hii wenyewe.

Twaona basi ya kuwa shule na hospitali za kusini zilijengwa na watu waliosimamisha nyundo kengele ilipolia. Mtu asiyeelewa angesema, "Wanapoteza saa." Lakini mtu akitoa saa zile katika siku zao, ataondoa kile kilichowatoa kwao na kuwaleta huku.

Na liko ushuhuda mwingine. Mwaka 1927 Papa Pio XI alimtangaza Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu kuwa msimamizi wa misioni zote, sawa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Fransisko alisafiri mpaka India na Japani. Teresa aliingia Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, akiwa na miaka kumi na mitano, akafa humo mwaka 1897 mwenye miaka 24, wala hakukanyaga nchi yo yote ya misioni. Kanisa likawaweka wawili hao bega kwa bega, aliyekwenda na aliyekaa, ili tujue ya kuwa Injili huendeshwa na wote wawili.

VI. Mazoea Yake Kwetu

Sasa hatari yetu ni ipi? Siyo ile ya Wamesaliani. Katika parokia zetu ni wachache waliokosa kulima kwa sababu ya kusali mno. Hatari yetu ni ya Marta kabla hajaonywa: mikutano, michango, majengo, sherehe, na katika haya yote moyo hutawanyika, tukaanza kulalamika kila mtu juu ya mwenzake. Komunyo ikiisha, mara matangazo yanaanza, kana kwamba Mgeni tuliyempokea hastahili kuketi nasi hata kidogo. Jimbo laweza kuongeza majengo miaka mingi hali moto wa ndani unafifia. Ndiyo maana twasihi jubilei hii isipite bila kila mmoja kujifunza mazoea machache.

Kwanza, tengeni mahali na saa. Robo saa yatosha, alfajiri kabla ya kwenda shamba, au jioni watoto wakiisha lala. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye atakaye kumtazama Mungu sharti akae.

Pili, pandeni ngazi ya Guigo kwa kidato cha kwanza. Chukueni habari moja fupi ya Injili, kwa mfano yule kipofu Bartimayo katika Marko sura ya 10. Isomeni polepole mara mbili. Kisha tafakarini: ameketi wapi? Anasikia nini? Kwa nini watu wanamnyamazisha? Alitupa nini alipoitwa? Kisha salini kwa maneno yenu, mkijibu lile swali Bwana alilomwuliza. Kisha nyamazeni, mkae naye. Asiyejua kusoma na asomewe na mwanawe. Hiyo yenyewe ni baraka ya nyumba.

Tatu, mawazo yakija, msigombane nayo. Mpishi akiona kuku wameingia jikoni, hawafukuzi mpaka mwisho wa kijiji, chungu kikaungua. Huwatoa tu, akarudi motoni. Wakirudi mara ishirini, naye hurudi motoni mara ishirini. Kurudi kule ndiko kusali.

Nne, kukiwa kikavu, msiache. Siku ya ndoo ni ndefu, lakini maji ya ndoo ni maji yale yale.

Tano, pimeni kwa matunda. Msitafute maono wala ndoto. Mjiulize: je, nimekuwa mpole kuliko mwaka jana? Je, mtoto mzito wa darasani namvumilia? Je, jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba nimemwamkia? Sala isiyofika hapo, hata ikiwa ndefu, haijafika.

Nanyi waalimu, wapeni watoto dakika mbili za kimya kabla ya somo la dini, tena mnyamaze nao. Watoto wetu hufundishwa kusema, kuimba na kujibu; ni wachache waliofundishwa kukaa kimya pasipo hofu. Wazee walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto aliyeonja kimya cha namna hiyo atakitafuta tena atakapokuwa mtu mzima mwenye mizigo.

Jubilei ijayo watakuwako wengine wa kuhesabu kazi zetu, nasi twatumaini watakuta nyingi. Lakini na wakute pia, katika kila parokia, watu wajuao kuketi miguuni pa Bwana na kuinuka kwenda jikoni pasipo kumwacha. Bwana aliyependa kukaribishwa katika nyumba ya Marta na Maria apende kukaa na katika nyumba zetu, sasa na siku zote. Amina.